Alifukuzwa kwa Kosa Gani

Nafundisha Kifaransa kwenye sekondari moja hapa Likasi. Kila mwaka nawasomesha wanafunzi riwaya ambayo shujaa wake anamuua mgeni wake, wazee wanamfukuza, na maisha yanamharibikia huko ugenini. Kila mwaka nauliza swali lile lile: je, adhabu ilikuwa ya haki? Anayeandika kiburi na hatima anapata kumi na nne kwa ishirini, wala sihitaji kuvaa miwani.

Mwaka huu karatasi zilinikasirisha. Hatima haikuwahusu kabisa. Mmoja aliuliza nani alibaki na nyumba ya shujaa. Mwingine alitaka kujua kama huyo aliyebaki nayo alikubali kutoka. Watatu waliorodhesha vya kubeba: sufuria, godoro, cheti cha ubatizo, cherehani. Ni wajukuu wa watu walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini huku Katanga, ambao baadaye walifukuzwa, wakaambiwa warudi kwao. Niliwakata pointi wote, bila upendeleo.

Msichana wa benchi la nyuma aliandika sentensi mbili tu. Bibi yake alifukuzwa bila kosa, kwa hiyo yeye hawezi kusema kama kufukuzwa ni adhabu. Nikampa sufuri, na chini yake nikaandika: nje ya swali. Nilijua sufuri ile itamfanya arudie darasa. Baba yake alishaniambia ana kwa ana kwamba akirudia, anamtoa shule, aende mgodini Kamatanda kuosha mawe ya shaba. Nilijua yote hayo, na mstari mwekundu nikaupiga kwa rula.

Mama yangu alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikatoka na karatasi kumlalamikia, maana nyumbani kwetu hakuna mwingine wa kunisikiliza. Nilimsomea swali, nikamsomea na jibu la msichana. Mchi ukasimama.

“Ule muntu wa mu kitabu,” akasema, “alifanya nini?”

“Aliua mgeni wake, mama.”

“Na sisi?”

Swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nina diploma mbili. Nilikuwa na miaka mitano na surua mwili mzima tulipopandishwa treni kwenda Kasai, mahali ambapo mama mwenyewe, mzaliwa wa Likasi, hakuwahi kupaona. Huko walituita watu wa Katanga na kutuuliza tunarudi kwetu lini, mpaka tukarudi Likasi. Miaka yote nimesimama mbele ya darasa nikieleza kufukuzwa kama jambo la vitabuni, kwa chaki. Aibu ilinishika hadi masikio.

Mama hakungoja jibu. Sombe ilikuwa haijalainika.

Jumatatu nilienda kwa mkuu wa shule, tunayemwita prefe, kubadilisha ile pointi. Kanuni inataka sababu kwa maandishi. Nikaandika kwamba mwanafunzi alijibu vizuri na kosa ni la mwalimu. Prefe akasoma mara mbili, akauliza kama ninaumwa. Hapana, nikamwambia. Akasaini.

Darasani nilimrudishia msichana karatasi yake, kumi na sita kwa ishirini na chini yake: kosa halikuwa lako, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Walikuwa hawajawahi kuona mwalimu akifanya hivyo. Yeye alisoma, akaikunja mara nne, akaiingiza ndani ya soksi.

“Nitamupelekea bibi,” akasema. “Anangojaka muntu amuambie vile.”