Karatasi za Mwalimu Anatoli

Harufu ya printa iliyochapa kupita kiasi naijua tangu nina miaka kumi na mmoja: wino wa moto, vumbi la karatasi, plastiki inayokaribia kuungua. Wakati ule ilikuwa ikitoka chini ya mlango wa Mwalimu Anatoli, jirani yetu kule Alief, mtaa wa Houston, ikichanganyika na maharage ya Mama. Mwaka mmoja kabla yake, kilichotoka chini ya mlango ule kilikuwa sauti ya piano. Anatoli alikuwa Mrusi mrefu, mabega yamepinda kwa kuinamia piano maisha yake yote. Kwao alipiga kwenye kumbi kubwa. Kwetu alipigia kwaya ya misa ya Kiswahili, kwa sababu Mama alimsikia kupitia ukuta siku moja akaenda kumbishia hodi na sahani ya maandazi. Hakuwa hata Mkatoliki. Kiswahili alijifunza kwenye nyimbo zetu, kwa hiyo aliongea kama mtu aliye kwenye sala muda wote, akitaka chumvi alisema, "Naomba unijalie chumvi." Tulimcheka sana, naye akacheka pamoja nasi.

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwake kwanza. Alinifundisha kwa ukali, bila kutaka chochote, na akaniahidi kwamba Pasaka ile ningepiga mimi wimbo wa komunyo mbele ya watu wote. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoutaka wimbo ule. Halafu Kwaresima ikaanza, na habari ikamfikia kwamba rafiki yake wa ujanani, mpiga fidla aliyebaki kwao, amefungwa kwa maneno aliyoyasema hadharani. Anatoli akafunika piano kwa shuka, akaweka printa juu yake, akaanza kuandika. Aliandika kwa Kirusi kuipinga serikali ya kwao, kwa Kiingereza kuipinga ya hapa, na mwishowe, kwa Kiswahili chake cha sala, kuzipinga zote. Alisema wenye madaraka ni genge moja lenye bendera nyingi. Kwa kwaya aliendelea kupiga, lakini kama mtu anayefua nguo za wengine. Nilipomuuliza somo langu lini, alinijibu bila kuinua macho, "Binti, watu wakishasoma, tutapiga." Nilimwamini neno kwa neno. Niliona kazi iliyobaki ni moja tu, watu wasome.

Mafaili ya nyimbo yalikaa kwenye kabati la ukumbi wa parokia, na ufunguo alikuwa nao Mama. Jumamosi ya kuamkia Matawi, watu wazima wakiwa nje wanapanga matawi ya mitende, nilifungua kabati na kuweka karatasi moja ya Anatoli ndani ya kila faili, juu kabisa ya wimbo wa kuingilia. Nilikuwa nimezichukua kwenye boksi mlangoni kwake, bila yeye kujua. Kichwa cha kila karatasi kilikuwa na neno moja, "Msiogope." Nilirudi nyumbani nimefurahi mno. Akilini nililiona shuka limeshaondoka juu ya piano.

Wengi wa kwaya yetu tulikuwa Warundi tuliopitia kambi za wakimbizi Tanzania. Kesho yake walifungua mafaili, na sauti zikakatika moja baada ya nyingine, besi wakabaki wanaimba peke yao hadi nao wakanyamaza. Anatoli aliendelea kupiga beti mbili nzima bila mwimbaji. Baada ya misa walimzunguka kwenye maegesho, kwa adabu, kila mtu ameshika funguo za gari. Mzee Bonifasi, mwenyekiti wa kwaya, aliuliza, "Mwalimu, samahani, hizi umeweka wewe?" Anatoli alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. "Nimeweka mimi," alisema. "Mnisamehe makosa yangu."

Baba alikuwa ameikunja karatasi ikawa ndogo kama pipi. "Kaka yangu alikufa kwa karatasi kama hii," alimwambia. "Na wewe unatuambia tusiogope. Sisi." Mzee Bonifasi alimshukuru Mwalimu kwa utumishi wake wote, na wote tukaelewa kwamba hapo ameshafukuzwa. Nyumbani, Baba alizilowesha karatasi alizokusanya kwenye ndoo, akazivuruga kwa mkono mpaka zikawa uji, jambo alilojifunza kwao kabla sijazaliwa. Nilisimama mlangoni nikasema, "But he's just a music teacher, Baba." Aliendelea kuvuruga. Pasaka ile wimbo wa komunyo uliimbwa kwa kinanda cha umeme kinachojipiga chenyewe, mdundo uleule kwa nyimbo zote. Kabla shule hazijafunguliwa tena, Anatoli alirudi kwao akaandikie huko. Piano yake ilitupwa karibu na pipa la taka, ikanyeshewa wiki nzima. Nilikuwa nikienda kubonyeza vibao vyake, na kila siku vilivyolia vilikuwa vichache zaidi.

Sasa naishi mji mwingine, Mesquite, nachapa lebo za mizigo kwenye ghala, na ile harufu narudi nayo nyumbani kwenye nguo. Piano sikujifunza tena. Mwaka jana niliona kwenye simu uso wa Anatoli nyuma ya kioo cha mahakama, mabega yaleyale, kifungo kirefu kuliko umri uliombakia. Gerezani kwake barua hupokelewa kwa Kirusi tu, ili wakaguzi wazisome. Niliandika kwa Kiswahili kwamba karatasi zile niliziweka mimi, nikaipa mashine itafsiri, nikatuma. Jibu halikuja.

Mwezi uliopita nilikwenda Houston kumwona Baba, nikamwambia naye kwamba ni mimi niliyeziweka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Aliendelea kumenya chungwa. "Tulijua," alisema. "Ufunguo ulikuwa kwetu. Bonifasi alijua, mama yako alijua. Lakini wewe ulikuwa mtoto wetu, na yeye hakuwa na mtu." Nilimuuliza kama waliwahi kumwambia Mwalimu hivyo. Alitikisa kichwa, akanipa nusu ya chungwa.

Nilitaka kuandika barua ya pili. Niliwauliza wanaosaidia wafungwa wa kule, wakanijibu kwamba amehamishwa, hawajui wapi, na barua hazipokelewi. Ile ya kwanza ilimweleza jambo alilolijua tangu siku ile kwenye maegesho. Hili asilolijua, kwamba wao nao walijua, sina pa kulipeleka.