Ndiyo Ambayo Sikuitamka, na Watoto wa Uani Kwangu

Mhariri, nakuomba jina langu lisitoke nje ya bahasha hii, maana Mambrui ni mji mdogo na anayejua kusoma humsomea asiyejua. Mimi ni mwalimu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, sijajaaliwa mtoto, na nimo edani. Mume wangu amefariki kwa kipindupindu mwaka huu. Wajane wenzangu hungoja eda iishe wapate kupumua. Mimi siku hiyo naiogopa kuliko nilivyoiogopa ile ya mazishi.

Ugonjwa ulipoingia huku kwetu, shule zote zilifungwa kwa amri. Wanafunzi wangu ni viziwi na waliopooza miguu kwa polio, na wazazi wao wengi ni vibarua wa chumvi Gongoni. Mmoja ni Sidi, msichana anayetambaa. Mama yake aliniambia, "Mwalimu, namfungia ndani na kibuyu cha maji. Sina jinsi." Maji yasiyochemshwa, wakati wa kipindupindu. Nilikasirika, wala si na yule mama.

Nikamwomba mume wangu watoto waje uani kwetu. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Kesho yake alitengeneza kiti, akakitoboa katikati, akakiweka juu ya shimo la choo na kutia vishikio pembeni, kwa sababu wale watoto hawawezi kuchutama. Bwana afya alipopita akitia dawa visimani, aliona kisima chetu kimefunikwa, akaona na choo kile, akasema, "Hapa na waje, mradi wawe wachache na maji yachemshwe." Kazi ya kuchemsha maji na kupika uji aliichukua mke wa shemeji yangu, nitamwita Mwanaisha. Hakuna aliyemwomba. Alikuja na sufuria yake akaanza kazi. Uji ukishaiva alikuwa akiketi nyuma ya darasa, akifuatisha herufi mchangani kwa kidole, maana yeye hakusomeshwa.

Kisha mume wangu akaenda Vitengeni kupeleka milango, akarudi anatapika. Hakuiona Ijumaa ya wiki ile.

Niliingia edani na watoto wakaendelea kuja, kwani eda humzuia mjane kutoka, haimzuii kufundisha uani kwake. Nawaambia kweli, bila wao ningerukwa na akili. Baadaye ugonjwa ukapungua, shule zikafunguliwa. Mwalimu mkuu akatuma ujumbe kwamba watoto wangu wangoje kwanza, eti vyoo vya shule si vya watoto kama hao na yeye anahofia uchafu. Wangoje mpaka lini, hakusema.

Hapo ndipo niliponaswa. Alasiri moja mavyaa, yaani mama yake marehemu, alikuja kukaa nami. Ananipenda yule mama, na hilo ndilo linalonikaba. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii ni ya ukoo. Ukitoka eda utarudi kwenu Lamu, na shemejiyo ataipangisha. Hawa watoto watakwenda wapi? Lakini ukipata mume wa humu humu, nani atakutoa?"

Nilijua anamsema shemeji mwenyewe, mume wa Mwanaisha. Sikujibu. Mjane aliye edani haposwi, na sikuwa na mdomo wa kuzungumza ndoa ilhali kanzu za mume wangu zingali msumarini. Nilitazama chini. Mavyaa akakichukua kimya changu akakifanya ridhaa, kana kwamba mimi ni mwanamwali. Anajua vizuri kwamba mwanamwali ndiye hunyamaza, mjane sharti atamke. Lakini mtu akiitaka sana ndiyo, huisikia hata isiposemwa.

Haukupita muda mtaa mzima ukajua. Shemeji, ambaye si mtu mbaya, akaleta mabati aezeke banda uani, watoto wasipigwe na jua. Nilitaka kutuma mtu aseme sikukubali kitu, nikamtazama Sidi, ambaye sasa anasoma sentensi nzima, nikanyamaza tena. Kimya hicho cha pili hakikuwa cha haya.

Mwanaisha hakuacha kuja. Alipika uji siku zote hizo bila kunitazama usoni. Juzi, watoto walipoondoka, aliosha sufuria yake, akaifuta, akaniambia, "Mwalimu, kubali, watoto wapate pa kukaa. Sitakutukana wala sitakuroga. Lakini siku ya ndoa yako uji utaupika mwenyewe, na mimi kusoma ndiyo basi." Jana alikuja kama kawaida, ila alibaki jikoni. Pale nyuma ya darasa hakuketi. Waswahili husema fadhila ya punda ni mashuzi, na punda hapa nitakuwa mimi.

Nimetuma watu wanitafutie nyumba nyingine. Kila mwenye nyumba akisikia ni watoto gani, chumba kimeshapata mpangaji. Kwetu Lamu nikirudi, nitarudi peke yangu.

Wiki ijayo natoka eda, na shehe atakuja kuniuliza. Safari hii lazima nitamke. Nikisema ndiyo, namchukulia mume mwanamke aliyenishika mkono siku nilizokuwa sina mtu. Nikisema la, mama yake Sidi atarudi kufunga mlango kwa nje. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Ila msiniambie nisubiri. Subira nimeletewa na kila aliyekuja kunipa pole, na humu ndani hakuna tena pa kuiweka.