Dada yangu alifagia banda la kuku mlango umefungwa, sasa pumzi inamsumbua

Wakuu, salamu kutoka Kindu, commune ya Kasuku. Haya sikusimuliwa na mtu, yako nyumbani kwetu, na mpaka naandika moyo haujatulia.

Dada yangu mkubwa, Sifa, ambaye kwa desturi ya huku namwita Yaya, anafuga kuku na kuwachinja kwa ajili ya wateja wa sokoni. Kwa kunyonyoa ni balaa, maji ya moto hayajapoa keshamaliza.

Mwaka huu kikohozi kikamshika.

Kilianza kidogo kidogo. Baadaye akawa hawezi kubeba gunia la pumba bila kuegemea ukuta, kifua kinapiga filimbi. Nikaingiwa na hofu.

Mtaa ukaamua ni TB. Jirani anayekunywa naye chai akaanza kuja na kikombe chake mwenyewe. Mtaa wetu na udaktari, acha tu.

Tukapima, hakuna TB. Nikashangilia, kumbe mapema.

Daktari akamuuliza, "Mama, banda ya kuku unafagia namna gani?"

"Nafunga mulango kwanza."

"Sababu gani?"

"Watu wasione kuku."

Daktari alishangaa. Mimi sikushangaa.

Wakuu, wakati wa vita jogoo akiwika kwako, wenye bunduki wanaingia. Marehemu mama aliwaficha kuku ndani, akawa anafagia amefunga mlango na madirisha, vumbi lote tunavuta sisi. Hao kuku ndio walitulisha. Vita ikaisha, Yaya akaendelea kufunga.

Sasa daktari anasema vumbi la mavi makavu na manyoya ndilo linalomharibu mapafu. Afungue mlango, anyunyizie maji kabla ya kufagia, avae maski. Akiendelea vile, pumzi inaweza isirudi tena.

Yaya akagoma. "Muntu akipita akaona kuku yote hii, akaiba, weye njo utanipatia ingine?"

Nikamwambia apumzike, nitafagia mimi. Mlango wazi, maji, maski. Nikajiona mjanja kweli.

Juzi asubuhi niko katikati ya kufagia, pikipiki ikasimama nje ya ua. Nikasikia sauti za wanaume.

Nilipopata akili, mlango ulikuwa umefungwa. Nimeuegemea kwa mgongo, ufagio mkononi, maski imeshuka shingoni, vumbi limejaa puani.

Walikuwa wateja tu wamekuja kununua kuku.

Yaya hakunicheka. Alikuja akagonga polepole. "Fungua, mudogo wangu. Hata mimi iko naogopa."

Jana tumeung'oa ule mlango wenyewe, tumeweka wavu wa waya. Pikipiki ikipita tunaangaliana, kisha naendelea kufagia.

Nilichojifunza: vumbi la kuku si la kuzoea, na kilichokuokoa jana kinaweza kukumaliza leo.

Wafugaji wenzangu, ninyi mnafagiaje? Na kama yupo aliyewahi kupona kikohozi cha namna hii, aniambie ilichukua muda gani. Kifua cha Yaya bado kinapiga filimbi, nakisikia hapa nilipokaa.