Siku Nilipolaza Mimea ya Nsimire Mbele ya Jury

Mimi si mutu wa kupata haya, anayenijua anajua, juu haya ni ya watu wenye kungoja kupewa, na mimi sikupewa kitu: nilianza kwa kubeba mifuko ya simenti kwa mugongo pale soko ya Kadutu, leo mifuko ni yangu na migongo ni ya wengine, shule nilikomea ya musingi (na hata huo musingi haukukauka vizuri), na bado nimejenga kule Muhumba kwa matajiri nyumba ya étage, ya gorofa, ambayo tutaisema siku ingine. Lakini ile siku ya défense ya binti yangu Nsimire, siku ya kutetea kazi yake ya université, mbele ya jury ya maprofesa na mbele ya Birindwa jirani yangu wa duka, nilitamani sakafu ya ile sale, ule ukumbi, ifunguke nipite chini pamoja na kostimu yangu mupya.

Nsimire ni mutoto wangu wa kwanza, alisoma biologie, na mémoire yake, kile kitabu cha kumaliza masomo, ilikuwa juu ya ule mumea mudogo wa miiba unaolaza majani ukiugusa. Mimi mwenyewe ndiye nilimuletea hiyo mimea kutoka Bunyakiri, siku nilipopeleka simenti kule, kwa hiyo ile mémoire, ukiangalia muzuri, tuliifanya wawili.

Siku moja mezani alinielezea.

"Papa, jani haiko na macho wala masikio, lakini ukiigusa inajua. Ndani kuko vyumba vidogo vidogo sana, cellules, na calcium inafungiwa inje ao kwa depo zake. Ukigusa tu, milango inafunguka, calcium inaingia mbio, na hiyo njo habari: batu banatugusa! Habari inakimbia paka kwa kiungo cha jani, maji inatoka mule, jani inalala."

"Ni sawa Fuso, lori ya simenti, ikifika kwa depo," nilimwambia. "Moja anapiga kelele mulangoni, bote banakimbia."

"Voilà, papa. Na kisha calcium inarudishwa kwa depo, pole pole, njo jani inaamuka na inaweza kusikia tena."

Hapo pa kurudisha nilisikia kwa sikio moja, juu mwenye depo anapenda habari ya muzigo kuingia, si ya muzigo kurudi. Ni hapo ndipo nilijipiga ngwala mwenyewe.

Alikuwa amepanda vyungu vya aina mbili: vya kamba nyeupe alivipatia calcium kwa maji yake, vya kamba nyekundu alivinyima. Siku ya défense angegusa mbele ya jury, nyeupe ingelala palepale, nyekundu ingejikokota, na kila mutu angeona kwa macho kile alichoandika.

Sasa hapa kwetu Bukavu mutoto akifanya défense, si mambo ya mutoto peke yake. Kuna pagne, kitenge cha familia, kuna maua, kuna poda ya kumumwangia kichwani akifaulu, na mimi niliongeza fanfare, bendi ya tarumbeta, juu ukifanya kitu kifanye. Nilialika nusu ya Kadutu, na kwaya ya parokia, na zaidi ya wote Birindwa, ambaye anauza bati kuangaliana na duka langu, na ambaye mutoto wake mukubwa ni ingénieur tangu zamani, na haachi siku ipite bila kunikumbusha.

Asubuhi tulibeba vyungu kwa gari sawa mayai, mama Nsimire amevipakata, mimi naepuka mashimo moja moja. Nsimire akavipanga juu ya meza mbele, vimefunguka muzuri, kama mikono ya padri akisema Bwana awe nanyi.

"Papa, naenda kubadilisha nguo. Kabla jury haijafika, hapana mutu kugusa. Hata wewe."

"Hata mimi? Mimi njo mulinzi!"

Alivyotoka tu, Birindwa akaingia, akazunguka ile meza mara mbili, mikono nyuma, kama mutu wa serikali.

"Patron, miaka yote ile mutoto iko université, matokeo njo hii sombe ya muhogo?"

Semeni wenyewe, ningefanya nini? Niligusa jani moja. Moja tu, kwa kidole cha pete. Jani likalala, tyu! Birindwa akaruka nyuma.

"Eh! Rudilia!"

Nikarudilia. Shangazi yangu akaona, akataka naye. Watu wa kwaya ya parokia wakaona, wakapanga mustari (walipanga mustari wenyewe, sikuwaita), na mimi nimesimama pale naeleza calcium na Fuso kama niko na diplome. Nyeupe zilinitii sawa wanajeshi. Nyekundu ndizo zilinisumbua, ilibidi kuzigonga na ukucha, na kugonga tena, na kuzigombeza, paka Birindwa akauliza kama ziko hai. Mwisho zote zikalala. Nikangoja ziamuke. Hazikuamuka. Nikajaribu kuinua jani kwa vidole viwili, likaangusha jirani yake. Nikapuliza. Ikawa mubaya zaidi.

Na hapo mulango ukafunguka, jury ikaingia na matoge, yale majoho yao.

Nsimire alisema Kifaransa ambacho hata redio haina. Mimi nilikuwa naelewa neno calcium, na kila likipita napiga makofi, paka appariteur, musimamizi wa pale mulangoni, akanitolea jicho. Kisha Nsimire akasema sasa tutaonyesha, akageukia meza, akaona vyungu vyake vimenyongonyea kama nguo zilizonyeshewa kambani. Akageuka akaniangalia mimi. Hakuangalia mutu mwingine.

Akagusa nyeupe. Hakuna. Akagusa nyekundu. Hakuna.

Président wa jury, muzee mwembamba mwenye miwani kwenye ncha ya pua, akauliza (na hapo nilisikia yote, juu Kifaransa cha kugombeza nakijua): "Mademoiselle, hizi zimelala na zile zimelala. Hiyo tofauti uliyoandika, uliionea wapi? Kwa bustani ao kwa kichwa chako?"

"Asubuhi zilikuwa zimefunguka, Monsieur le président."

"Na nani alizifunga?"

Nsimire akafungua kinywa, akaniona pale mustari wa kwanza na kostimu yangu, na Birindwa nyuma yangu, na Kadutu nzima. Akafunga kinywa. Profesa moja akaanza kuandika, kichwa akitikisa.

Nilielewa. Mutoto wangu alikuwa anakubali kuitwa mwenye kutunga uongo, kazi ya miaka yote ile iende, ili tu mimi nisipate haya mbele ya muuza bati. Miguu yangu ikasimama kabla mimi sijaamua. Watu wa nje hawaruhusiwi kusema, appariteur alinifanyia mukono nikae, sikukaa.

"Monsieur le président, c'est moi," nikasema, na Kifaransa changu kikaishia hapo. "Ni mimi nilizigusa. Alinikataza, nikagusa. Na Papa Birindwa aligusa, na shangazi, na bakwaya bote."

"Bakwaya bote?"

"Bote, kutoka soprano paka base."

Sale ikapasuka kwa kicheko. Ukishaanguka ndani ya matope hauogopi mvua, mimi nikaendelea: "Hizi nyeupe hazikutusumbua, ilikuwa kugusa tu na kulala. Ni nyekundu njo zilinifanyia kichwa nguvu, niligonga, nikagonga, paka batu banacheka!"

Muzee akatoa miwani.

"Rudilia hapo. Nyekundu zilichelewa?"

"Papa professeur, zilinipatisha haya."

"Ni kweli!" Birindwa akapiga kelele kutoka nyuma (mara ya kwanza ananiunga mukono tangu tujuane). "Zilikuwa goigoi kabisa!"

Nsimire akainua kichwa. Akaeleza kwa haraka kusema mimea imechoshwa na mikono mingi, calcium bado inarudishwa mahali pake, na baridi ya ile sale inaichelewesha, tuipatie nafasi. Wale maprofesa wakanong'onezana.

"Ushuhuda wa sale yenye kucheka haitoshi," président akasema. "Tutangoja. Na wewe Papa, uje hapa mbele."

Wakaniwekea kiti kando ya meza, kuangalia watu, mikono juu ya magoti. Mimi! Wateja wangu wote mbele yangu, wengine wanatoa telefone. Inje, fanfare niliyoita mwenyewe ikaanza kujaribu tarumbeta, na mama Nsimire akatoka mbio, pagne mukononi, kwenda kuwanyamazisha. Nami nakodolea yale majani macho. Nilikuwa nawaona kichwani wale wabebaji wadogo wa mule ndani, wanarudisha calcium kwa depo mufuko kwa mufuko, na ninawabembeleza kimoyomoyo: songa bandugu, pole pole, bila kuangusha, songa. Sijawahi kuombea wafanyakazi wangu hivyo. Tulingoja kama homélie ya padri siku ya Pasaka, ile ndefu. Kisha jani moja likainuka kidogo. Kisha lingine.

Zilipofunguka, Nsimire alikaribia. Akagusa nyeupe: tyu! Akagusa nyekundu: ikawaza kwanza, ikaanza kushuka pole pole, kama mutoto anayetumwa dukani wakati wa mupira. Sale nzima ikasimama, shangazi akapiga vigelegele, na fanfare kule inje, bila kuambiwa, ikaanza.

Alifaulu na distinction, alama za juu. Président alivyomaliza kusoma, akaongeza kwamba jury inamushukuru Papa kwa mchango wake na inamuomba asirudilie. Nsimire akamwangiwa poda, naye akachota ya kwake akanipaka uso muzima, na ile picha bado inatembea kwa telefone za Kadutu.

Tukirudi, garini, nilimuuliza: "Juu ya nini haukunitaja palepale?"

"Ningekutaja, papa, ungefanya nini?"

"Ningekataa."

"Basi njo maana."

Sasa sokoni nikigusa mubebaji begani ili abebe mufuko, anaangusha kichwa na mikono, anajifanya amelala, na wenzake wote mustari muzima wanamufuata, na Birindwa anacheka paka anashika ukuta. Mimi ninawaacha. Lakini nimeapa, kitu cha mwingine kikiwa juu ya meza sitakionyesha tena, hata kama kinanipatia sifa mimi. Mutoto wangu wa pili anamaliza droit, mambo ya sheria, mwaka ujao, na nilishapanga na shangazi wawili wenye mwili: siku ile watanikalia huku na huku, nyuma kabisa, na hawataniachilia mikono paka poda imwangwe.