Gitaa yangu yenye pembe mbili

Mama amekataa gitaa yangu ya muziki wa metal iingie nyumbani kabla haijaombewa.

Nimezunguka maduka ya tao asubuhi yote nikitafuta. Nikachagua hii kwa sababu pickup zake, zile sumaku za kunasa sauti, ni nzito, hata ukiongeza distortion, ule mkwaruzo wa metal, sauti haigeuki kuwa ya mbu.

Mama, hapa Kimumu, aliona kitu kimoja tu. Pembe, kama za shetani.
(Kwake hata gari mpya haiendi safari bila maombi.)

Akaita jirani yetu Mzee Kibet, mzee wa kanisa.

Mzee akaweka mkono juu ya nyuzi. Tukafunga macho.

"Baba, unaikumbuka gitaa yangu. Wakati wa utawala wa Nyayo nikipiga rock kule Langas. Kanisa likaniambia nichague. Nikakuchagua wewe."

Nikasikia kidole chake kikigusa uzi mmoja, polepole.

"Huyu msichana asiambiwe achague. Amina."

Wueh. Na vile nilikuwa nimejiandaa kubishana.

Mama mwenyewe ndiye ameibeba mpaka ndani.

Sasa nyinyi mngefanya nini?
Mimi nimewasha amp, nikaongeza distortion, nikampa Mzee apige kwanza.