Malampaka: Abiria anayelipwa akae kimya

Saa tatu asubuhi, Milembe Ngeleja anapanda ngazi za chuma za behewa la daraja la tatu. Anakaa kwenye benchi la mbao karibu na dirisha na kupakata kapu lenye kuku wa plastiki. Mbele ya behewa hakuna injini. Reli yenyewe ni vipande viwili tu, kisha nyasi, kisha ukuta.

Hii ndiyo kazi yake. Makumbusho haya ya mabehewa ya zamani, mali ya mtu binafsi, yamemwajiri awe abiria. Wageni wakiingia anatakiwa atazame nje kama mtu anayeona mashamba yakipita. Kwa siku anapata shilingi elfu saba.

"Wengine wananigusa shavu," anasema, "waone kama ni mtu."

Milembe ana miaka sitini na mmoja. Alilima pamba Zagayu mpaka mgongo ukakataa, akahamia Malampaka kwa mdogo wake. Huko akasikia makumbusho yanatafuta wazee "wenye sura ya zamani". Ndivyo walivyotangaza. Jembe limzeeshe mtu, halafu uzee wake uwe pambo.

Hatua chache kutoka hapo, chini ya paa lake peke yake, kuna behewa jingine. Lina kitanda, beseni la kaure na mapazia ya zambarau, na limezungushiwa kamba. Ubao ulio mlangoni unaeleza kwamba wakubwa walilitumia walipokuja kufungua msimu wa pamba. Unaishia hapo. Milembe anajua yaliyobaki.

Katikati ya miaka ya themanini, mwaka ambao mvua ilikata barabara, mumewe Method alishikwa na ngiri iliyojisokota. Mganga wa zahanati akasema afikishwe Mwanza siku hiyo hiyo, apasuliwe. Milembe na shemeji yake, Shigela, wakambeba hadi stesheni ya Malampaka. Treni ilikuwa imeshafika. Wakamlaza sakafuni, katikati ya mabenchi.

Treni haikuondoka. Mheshimiwa mmoja alikuwa bado anakula kwenye sherehe ya pamba, na behewa lake lilikuwa linangoja kuunganishwa nyuma. Daraja la tatu walisikia ngoma za sherehe hiyo wakiwa wamekaa na mgonjwa wao. Shigela alishuka kuwasihi watu wa stesheni, akaambiwa arudi akakae, mkubwa haharakishwi. Jua liligeuka, likazama, na treni bado imesimama.

"Method aliniuliza, tumeanza kutembea? Nikamwambia ndiyo, tunakwenda. Hatukuwa tunakwenda."

Treni ilipoondoka hatimaye, alikata roho walipoipita stesheni ya Bukwimba, kichwa kikiwa mapajani mwa ndugu yake.

Kwa miezi minane Milembe alikaa kwenye benchi lake bila kusema neno, huku Precious, binti anayetembeza wageni, akieleza jinsi watu wa daraja la tatu walivyoimba na kugawana mahindi ya kuchoma njia nzima. Precious amezaliwa juzi. Alipewa maneno akayakariri.

Mwezi uliopita lilikuja kundi kutoka Bariadi. Mmoja wao akauliza kwa nini behewa lile zuri lilikuwa linafungwa nyuma ya haya ya mabenchi. Precious akajibu kwamba ni ili viongozi wawe karibu na wananchi.

Milembe akaweka kapu chini. Hakupaza sauti. Alisimulia ya Method tangu zahanati hadi Bukwimba, na alipomaliza wageni walikuwa wameshusha simu zao. Mwanamume mmoja alivua kofia akakaa kwenye benchi, akawa haondoki.

Kesho yake msimamizi, Dastan, alimwita ofisini. Alimwamkia vizuri kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, umeamkaje mama, akamvutia kiti. Kisha akamwambia kwamba wageni hulipia kufurahi, hawalipii msiba. Arudi akae kimya, au nafasi yake ichukuliwe na sanamu ya plasta. Uso wake walikuwa wameshaupiga picha.

"Sanamu haili, mayu, wala haisemi," Dastan alimwambia, na akacheka kidogo.

Milembe aliomba kitu kimoja: mstari mmoja uongezwe kwenye ubao wa behewa la mapazia, useme kwamba treni ilingoja na mtu akafa. Dastan akasema bila ushahidi hakuna historia. Rangi ya mapazia ina ushahidi. Mtu aliyekufia sakafuni hana.

Ushahidi upo, unaishi ng'ambo ya reli. Shigela sasa ana miaka sabini na tatu, magoti yamekufa, na siku nzima hukaa juu ya ngozi ya ng'ombe uani. Alipoelezwa yaliyotokea, alimtania Milembe kwanza.

"Shemeji, treni moja ilikupa ujane, wewe ukaenda kuomba kazi kwenye nyingine."

 Halafu akauliza makumbusho yanafunguliwa saa ngapi.

Milembe anatakiwa kutoa jibu Jumamosi. Elfu saba si kitu cha kuchezea. Ndiyo unga, ndiyo dagaa, ndiyo dawa zake za presha, na hana kazi nyingine anayoijua mjini. Lakini amechunguza kanuni aliyowekewa: inamfunga mfanyakazi. Mgeni aliyelipa kiingilio anaingia, anakaa anapotaka, anaongea na anayemtaka.

Kwa hiyo Jumamosi atarudisha kapu na kuku wake wa plastiki. Kisha atapanga foleni getini. Mpwa wake atamleta Shigela kwa bodaboda na kumpandisha zile ngazi mgongoni. Watakaa wawili kwenye benchi la mbao, na kila atakayeingia watamsimulia.

Anajua wanaweza kutolewa nje. Anajua pia kwamba wiki inayofuata hatakuwa na pesa ya kiingilio.

"Nitaingia na tiketi mkononi," anasema. "Hata siku ile tulikuwa na tiketi."