Jasho la Paa la Mama Mkwe

Fundi wa mapaa bapa wa mtaa huu anaitwa Bwana Jasho, na jina hilo amejitafutia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mbili, kila anapoitwa kutazama dari yenye madoa, huvaa miwani, huinua kidevu, hunyamaza kiasi cha kumtia mwenye nyumba wasiwasi, kisha hutoa hukumu: "Hili halivuji. Linatoka jasho."

Mara nyingi huwa kweli. Mvuke wa chumbani hupanda, ukakuta mbao baridi chini ya lami, ukageuka maji. "Chupa ya maji baridi ukiiweka mezani hulowa kwa nje," huwaambia wateja, "na hakuna anayesema imetoboka." Wenye ulimi husema hata bomba likipasuka, Bwana Jasho atadai limechoka tu.

Mama mkwe wake, dobi wa miaka sitini na sita, hakucheka. Chumba chake cha kazi, chenye kamba sita za nguo na meza ya pasi, kiliezekwa na mkwe huyohuyo miezi minane iliyopita: boriti, mbao, kisha lami tabaka tatu. Ni kazi aliyokuwa akiwapeleka wateja kuitazama. Baridi ilipoingia, tone likaangukia shati jeupe la mteja na kuacha doa la rangi ya chai. Siku ya pili yakawa mashati manne.

"Mama, linatoka jasho," fundi alisema, macho yameganda darini, maana kumbishia mama mkwe huku anamtazama usoni hakuwezi.

"Baba, mimi nafua nguo tangu wewe hujaota jino. Anayetoka jasho ni anayefanya kazi. Hilo paa lako limefanya kazi gani?"

"Leo ni siku ya kumi na moja mvua haijanyesha, mama. Maji yametoka wapi?"

"Yalijificha."

Alikwisha kuzungumza na fundi mwingine, aje Jumamosi kung'oa lami yote. Bwana Jasho hakulala vizuri. Lami yake ikitupwa nje ya mlango wa mkwewe, watu wote wakipita wanaiona, nani angempa tena paa lake? Mkewe alimfariji kwa namna yake: "Usijali. Tutawaambia paa limekwenda kuoga."

Jumatano alikuja kuomba buluu, ule unga ambao madobi hutia kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae.

"Pakiti nzima?" aliuliza mama mkwe, ambaye hupima buluu kwa ncha ya kijiko.

"Nzima, mama. Likidondoka tone la buluu, lami nitaing'oa mwenyewe."

Akaziba tundu la kutolea maji ya mvua, akamimina juu ya paa ndoo thelathini za maji ya buluu, akayaacha hapo mpaka kesho yake.

Alhamisi asubuhi mama mkwe alisimama chini ya dari, leso nyeupe mkononi, ametulia kama hakimu. Tone likaanguka. Rangi ya chai. La pili, rangi ya chai. Alipeleka leso dirishani, akaigeuza, akainusa.

"Haya. Halivuji."

Mtu mwingine angekusanya vifaa vyake hapo na kwenda kutamba. Lakini fundi alikuwa na swali lake. Vyumba vyenye mvuke ameezeka vingi, na hakuna kinachotoka jasho namna hii. Akapanda ngazi, akabandua ubao mmoja wa dari, akamulika kwa tochi. Chini ya mbao matone yalikuwa yamejipanga kutoka ukuta hadi ukuta. Akamulika pembeni, kwenye matundu ya kupitishia hewa. Yalikuwa yamezibwa kwa lami, vizuri sana, na mkono ule aliujua.

Alikumbuka. Wakati ule aliogopa mvua ya upepo isije ikapenya humo na kumwaibisha ukweni. Mhubiri wa jasho alikuwa ameliziba paa pua.

Hakuna aliyemwona, angeweza kuyafungua kimyakimya na kubaki na ushindi wake wa buluu. Akashuka taratibu, na kwa mara ya kwanza akamtazama mama mkwe usoni.

"Mama, kosa ni langu. Paa lilitakiwa kupumua, mimi nikaliziba. Na nguo mbichi zikiwa humu ndani, mvuke wote unapenya kwenye lile pengo la darini, inapopita taa."

Mama mkwe aliikunja leso yake.

"Na yule wa Jumamosi? Angeyaona hayo matundu?"

"Angeweka lami mpya tu, mama."

"Basi asije. Fungua."

Ijumaa alizibua matundu pande zote mbili, akayawekea wavu wa kuzuia ndege, akaziba pengo la taa. Mama mkwe naye alikubali, kwa kununa, kuacha dirisha wazi nguo zikianikwa ndani. Fundi alionya kwamba mbao zitachukua wiki mbili kukauka.

Wiki mbili zilipotimia, asubuhi yenye baridi kali kuliko zote, mama mkwe alimwita. Alikuwa ametandaza shati jeupe mezani, palepale palipokuwa pakidondoka matone. Wakakaa mpaka saa sita mchana. Kisha akalikung'uta, akalikunja.

"Baba," alisema, "paa lako limeacha kazi."